Kabla hujanunua projekta ya darasani, ipeleke kwenye mwanga

Projekta yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa laki mbili na nusu. Muuzaji alinipeleka nyuma ya duka, kwenye kachumba kasicho na dirisha, akaiwasha ikielekea ukutani. Picha ilitoka kali, rangi zimekolea. Kwenye boksi wameandika lumeni 9,000, yaani kipimo cha mwanga unaotoka. Nikalipa, nikarudi Morogoro na basi la jioni nimeipakata njia nzima.

Jumatatu, kipindi cha tatu, Kidato cha Pili, mada ni usafirishaji wa damu. Darasa lina madirisha sita, halina pazia hata moja, na jua la saa nne lilikuwa limeshaingia hadi katikati. Nilikuwa nimekesha nikiandaa mchoro wa moyo, vyumba vyote vinne na valvu zake. Ukutani kikatokea kitu cheupecheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Wa mbele waliona umbo. Wa nyuma wakaanza: "Madamu, hatuoni!" Nikazima, nikashika chaki, nikachora moyo ubaoni.

Iliniuma sana, maana ile ilikuwa akiba ya miezi minne. Walimu wenzangu mnaotaka kununua kifaa cha kuonyeshea masomo, naomba mnisikilize hasa kwenye suala la mwanga, kwa sababu hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Lumeni zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni za taa yenyewe kabla mwanga haujapita kwenye lenzi, na nyingine ni namba za kuuzia tu. Tafuta lumeni zilizoandikwa ANSI, yaani zilizopimwa kwa kanuni ya shirika la viwango la Marekani. Hizo hupatikana kwa kupima mwanga wa picha kwenye sehemu tisa, kisha wastani wake unatumika kukokotoa mwanga wote unaotoka. Ya kwangu, nilipokuja kusoma kile kikaratasi cha ndani, ilikuwa na lumeni za ANSI 200. Sasa piga hesabu: picha yenye upana wa mita 2 ina eneo la mita za mraba 2.25 hivi. Gawa 200 kwa eneo hilo, unapata luksi 89, yaani lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba. Darasa lenye madirisha wazi mchana linafika luksi 300 bila shida. Mwanga wa jua unaimeza picha yako. Ukiisogeza projekta karibu na ukuta hadi picha iwe na upana wa mita 1, eneo linapungua mara nne na mwanga unaongezeka mara nne, lakini mtoto wa dawati la mwisho ataisomaje picha ndogo hivyo?

Jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii ni kwamba projekta haitoi rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni ukuta ambao haujapigwa mwanga. Ukuta ukiwa umeshaangazwa na jua, nyeusi yako inageuka kijivu na maandishi yanafifia. Ndiyo maana siku hizi slaidi zangu zina mistari minene na maneno machache makubwa, wala siweki picha zenye giza.

Kwa darasa la wanafunzi 50 au 60 lenye madirisha kama ya kwetu, mimi nashauri projekta ya ofisini iliyotumika, yenye lumeni 3,000 za kweli, kuliko ile ndogo mpya ya kung'aa. Yangu ya sasa ina kilo mbili na nusu na inaingia kwenye begi la mgongoni. Ukienda kuinunua, fungua menyu yake uangalie taa imetumika saa ngapi. Taa nyingi za aina hiyo huanza kuchoka baada ya saa elfu tatu hadi tano, na kubadilisha taa ni gharama. Angalia pia kama picha ina vidoa au imepata unjano. Ukishamaliza kufundisha, usichomoe waya hapohapo. Izime, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na joto hilo linaipunguzia maisha.

Kama shule yenu haina umeme wa uhakika, basi ile ndogo ya betri ina nafasi yake, ila pigia hesabu powabenki. Ya mAh 20,000 (ndiyo namba ya ujazo wa betri inayoandikwa juu yake) ina wati-saa 74 hivi, yaani inaweza kutoa wati 74 kwa saa moja. Projekta ya wati 60 itaimaliza kwa saa moja na robo hivi, pengine chini ya hapo kwa sababu kiasi fulani kinapotea njiani. Vipindi viwili vya dakika 40 haifikishi.

Kuhusu cha kuchomeka: kompyuta mpakato na kebo ya HDMI ya mita 5 haijawahi kuniangusha. Simu ni ya kuijaribu kwanza. Simu nyingi za bei ya chini zina tundu la USB-C lakini halitoi picha, hata ukinunua adapta nzuri kiasi gani. Ninayo moja kwenye droo, imekaa bure. Vilevile vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 ambavyo baadaye walimu tuligawiwa: kijaribu na adapta ya kuazima kabla hujanunua yako. Kisipotoa picha bado kinafaa, maana kundi la watoto sita au saba wanaweza kukizunguka mezani wakaona kila kitu.

Ukutani natundika shuka jeupe. La kwanza lilipitisha mwanga, picha nusu ikaishia nyuma yake. Nikampelekea fundi cherehani akashona mashuka mawili pamoja, akaacha upindo juu wa kupitishia fimbo. Nalipiga pasi kila Jumapili, kwa sababu mkunjo mmoja unaweza kupita katikati ya ventrikali, chumba cha chini cha moyo. Upande wa madirisha mawili ya karibu na shuka tumefunga vitenge vizito. Yale manne ya nyuma tunayaacha wazi, watoto wapate hewa na waone kuandika.

Dukani nenda mchana, na kompyuta yako, kebo yako, na slaidi ileile utakayofundishia. Mwombe muuzaji aiweke mlangoni, si kule nyuma. Rudi hatua kumi, usome maneno madogo kabisa yaliyomo kwenye slaidi. Muuzaji akikataa, mshukuru, uende duka la jirani.