Krismasi ya kutengeneza wenyewe: anzeni mapema, anzeni na pango

Wazazi wenzangu, kama mnataka mapambo ya Krismasi yaliyotoka mikononi mwa watoto wenu, msiyaache hadi tarehe 24 Desemba. Siku hiyo kuna kuku wa kunyonyoa, mchele wa kuchagua na wageni wa kupokewa stendi. Mtoto anayeomba mkasi ataambiwa asubiri, na atasubiri mpaka usiku. Kwetu Tanga tunaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi. Jumapili hiyo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Shule hufungwa karibu na siku hizo, watoto wapo nyumbani, na kila wiki inakuwa na kazi yake.

Kazi ya kwanza iwe pango, yaani mfano wa banda alimozaliwa Yesu pamoja na sanamu zake, kwa sababu udongo unahitaji muda wa kukauka. Udongo wa kichuguu ndio ninaoupenda kuliko wote: unanata vizuri na haununuliwi. Uponde, uchekeche, utie maji kidogo kidogo na ukande mpaka uwe laini kama unga wa chapati. Changanya na mchanga laini kidogo ili usipasuke. Wafinyangeni Mariamu, Yosefu, wachungaji, ng'ombe, punda na kondoo, ila wasiwe wanene sana. Mnyama mwenye shingo ndefu au miguu myembamba mwekee kijiti ndani. Halafu vianikwe kivulini kwanza, siku mbili tatu, ndipo vitoke juani. Vikianikwa juani vikiwa vibichi, nje hukauka kabla ya ndani na nyufa hutokea. Rangi nyeupe ni chokaa, nyeusi ni mkaa uliosagwa. Ng'ombe akitoka mkubwa kuliko Yosefu, mwacheni alivyo. Aliyemfinyanga atamtafuta kwa macho kila akipita sebuleni.

Banda lijengeni kwa vijiti na muezeke kwa vipande vya makuti. Mtakatifu Fransisko wa Assisi, alipoandaa pango la Noeli kule Greccio, Italia, mwaka 1223, alitumia hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda wa kweli, vitu ambavyo wanakijiji walivijua. Ndiyo maana sioni sababu ya kununua theluji ya pamba. Pango la Tanga liwe na makuti na mbuzi. Hori libaki tupu hadi usiku wa mkesha, na mtoto mdogo kuliko wote nyumbani ndiye amlaze Mtoto Yesu.

Gundi ya dukani si lazima. Koroga unga wa muhogo kijiko kimoja katika kikombe cha maji baridi, kisha upike huku ukikoroga mpaka uwe mzito na wa kung'aa. Inashika karatasi na kitambaa vizuri, lakini pikeni ya siku hiyo tu, maana inachacha. Kwa fundi cherehani ombeni vipande vya vitenge ambavyo angevitupa. Kateni nyota kwenye boksi gumu, mbandike kitenge pande zote mbili, mtoboe tundu na mpitishe uzi. Vipande virefu na vyembamba vinatosha kusuka mnyororo wa kuning'iniza mlangoni.

Mti wetu ni tawi la mvinje. Ombeni ruhusa kabla ya kukata, mlisimamishe kwenye ndoo ya mchanga na mawe, kisha ndoo muivishe kanga. Tawi likikauka hushika moto haraka, kwa hiyo mishumaa ikae mbali nalo kabisa.

Sasa kashata, ambazo mimi nazithamini kuliko keki ya kununua. Kwa joto la Desemba hapa pwani chokoleti huyeyuka, kashata haina shida hiyo. Chukua nazi mbili zilizokomaa, uzikune bila kufikia ganda la kahawia ili zibaki nyeupe. Chemsha vikombe viwili vya sukari na nusu kikombe cha maji mpaka shira ivute uzi. Tia nazi na iliki iliyotwangwa, punguza moto, koroga bila kuacha mpaka ikauke na kuachana na sufuria. Nusu unaweza kuitia rangi ya waridi. Imwage kwenye sinia lililopakwa mafuta, isawazishe kwa unene wa kidole, uikate ingali vuguvugu, ikipoa itavunjikavunjika.

Za karanga zinapikwa bila maji: sukari inayeyushwa mpaka iwe kahawia, karanga zilizokaangwa na kupepetwa zinaingia, na unamwaga hapo hapo. Hapa nasema kwa msisitizo: watoto wasikaribie jiko. Sukari iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya moto. Wao wana kazi za kutosha, kutwanga iliki, kumenya karanga, kupepeta na kupanga kashata kwenye sahani.

Zikipoa kabisa ndipo ziingie kwenye mkebe wenye mfuniko, maana unyevunyevu wa pwani huzilainisha. Za nazi ziliwe kwanza, za karanga hukaa zaidi. Wapeni watoto wenyewe sahani za kupeleka kwa majirani. Kwetu wengi wa majirani ni Waislamu, nao siku ya Idi hutuletea tambi na visheti, na sahani hairudi tupu. Mtoto anayebeba kashata alizozipanga yeye hupiga hodi kwa sauti.

Pango liacheni hadi Epifania, sikukuu ya Mamajusi kumfikia Mtoto Yesu, tarehe 6 Januari. Kisha sanamu zifungeni kwenye vipande vya kanga kuukuu na mziweke mahali pakavu. Zilizovunjika zilowekeni majini: udongo ambao haujachomwa hulainika tena, na mnaweza kufinyanga nyingine.