Mnauliza, tunajibu: OK ilitoka wapi, na shefu akisema OK anataka kusema nini?

Swali: Jambo kwenu wa gazeti. Niko natumika mu ONG moja hapa Goma, shefu wetu ni Mwingereza. Nilimuandikia rapor akasoma akasema "it's OK", mie nikarudi nyumbani na furaha juu nilijua imepita. Kesho yake asubui akanirudishia karatasi imejaa biki nyekundu! Sasa OK maana yake nini? Na ni kweli ilitoka mu vita ya Marekani, kwamba O ni zero na K ni "killed", hakuna aliyekufa? (Msomaji wa Ndosho)

Jibu: Pole ndugu yetu, hiyo OK inatesaka watu wengi. Tuanze na vita juu ile stori inatembea sana mu WhatsApp. Hapana, si kweli. Vita ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe ilianza 1861, na OK ilishachapwa mu gazeti Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, miaka 22 mbele. Tafazali tuache kuituma.

Wakati ule wanahabari wa Boston walikuwa na mode ya kufupisha maneno, tena wanayaandika vibaya makusudi juu ya kuchekesha: "all correct", yaani yote ni sawa, ikawa "oll korrect", njo ikazaa o.k., na "all right" nayo wakaiandika "oll wright", ikawa o.w. Hii ya pili ilikufa. OK ilipona juu ya siasa: 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anatafuta muhula wa pili, alizaliwa Kinderhook mu jimbo la New York, watu wake wakamwita Old Kinderhook, Mzee wa Kinderhook, wakaunda na klabu za OK, basi herufi mbili zikapigiwa kelele nchi nzima. Kura alishindwa, Harrison akapita, lakini neno likabaki na kisha telegrafu ikalisambaza. Aliyechimbua haya yote mu magazeti ya zamani ni profesa Allen Walker Read, alitoa kazi yake 1963 na 1964.

Kuna stori ingine yenye inanigusa sana, ile ya Kiwolofu cha Senegal, kwamba "waw kay", ndiyo kabisa, ilivuka bahari na ndugu zetu walioibwa utumwani. Ningependa ikuwe kweli. Na Waafrika waliacha maneno kule, hilo halina ubishi: kusini ya Marekani karanga wanaiita "goober", ni nguba yetu ya Kikongo kabisa! Ma kwa OK, karatasi zinatupeleka Boston.

Sasa shefu wako. Kwa Mwingereza, kazi yenye iko "OK" ni kazi ya katikati, haikuharibika lakini haijamfurahisha, iko chini ya "good". Akikukanyaga ukamwambia "it's OK", hapo ni "si neno". Ukimuuliza kama anataka chai akajibu "I'm OK", usimimine, amekataa. Yenye ulikuwa unangoja ni ile OK ya kitendo, kwamba amekubali karatasi, ameiwekea sinyatire. Siku ingine muulize wazi: naweza kuituma? Atajibu ndiyo ao hapana.

Swali: Na OK ya OK Jazz, ile bendi ya Franco? Papa anasema ni Orchestre Kinois, yaani okestra ya Kinshasa. (Msomaji wa Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Papa hajakosea, ma hiyo maana ilikuja kisha. Mu 1956 Franco na wenzake walikuwa wanapiga mu OK Bar kule Léopoldville, njo Kinshasa ya leo, mwenye baa alikuwa anaitwa Kashama, na O na K ni herufi za majina yake. Bendi ikachukua jina la baa.

Swali: Kufanya duara na kidole gumba na cha shahada, ni OK kila pahali? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

Jibu: Hapana kabisa! Wazamiaji chini ya maji wanaitumia kusema niko salama, Mjapani anaweza kuona franga, Mfaransa anaweza kusoma zero, yaani kitu bure. Brazili ni tusi zito. Ukiwa na Mbrazili inua tu kidole gumba, kwao hiyo njo OK ya kila siku.