Hoki ya barafuni inalipa? Uliza kwanza nani atalipia goti lako

Kano la goti langu la kushoto lilikatika kipindi cha pili, tukigombania kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, kwenye kona. Nikiwa bado nimelala juu ya barafu, wazo lililonijia lilihusu Jumatatu: ngazi za ofisini nitazipandaje? Mchana nilikuwa karani, usiku beki, na kodi ya nyumba niliilipa kwa ukarani.

Wasichana wanaoniandikia hawaniulizi habari za goti. Wanauliza mazoezi na vifaa, basi niyamalize hayo upesi. Jifunze kuteleza kabla ya kujifunza kupiga; mwenye mkono mzuri na miguu mizito anaachwa nyuma kila siku. Zamu moja barafuni ni kama sekunde 45 za kukimbia kwa nguvu zako zote, kisha benchi, kisha tena, kwa hiyo fanya mazoezi ya mbio fupi za kurudiarudia. Gongo lisimamishe mbele yako ukiwa umevaa viatu vya barafuni: likifika kidevuni, linatosha kuanzia.

Sasa mkataba. Wangu ulikuwa kurasa 2, na niliusaini uwanjani nikiwa nimeuweka juu ya begi la vifaa, huku kocha ananisubiri. Neno bima lilikuwemo mara moja tu, katika sentensi iliyosema mchezaji atajitafutia mwenyewe. Sikuisoma. Klabu ilisimamisha posho yangu tangu wiki niliyoumia, na upasuaji nikaulipa kwa mafungu. Meneja aliwahi kuniahidi kwa mdomo kwamba "tutaangaliana". Ahadi ni deni, sawa, ila lile sikuwa na karatasi ya kulidai.

Wengi kabla yangu walicheza hivyo hivyo, hata waliokuwa bora kuliko sote. Angela James wa Kanada alifunga mabao 11 katika mechi 5 za michuano ya kwanza ya dunia ya wanawake, Ottawa, mwaka 1990, na riziki yake aliipata kwa kazi ya chuoni. Hayley Wickenheiser, Mkanada mwenzake, ana medali 4 za dhahabu za Olimpiki. Baadaye akasomea udaktari na sasa ni daktari. Binti akiniambia ataacha masomo ili "ajitolee kwa mchezo", huwa namtajia Wickenheiser, kisha nanyamaza.

Ligi nazo hufa. Ile ya wanawake ya Kanada, CWHL, ilimaliza fainali yake Machi 24, 2019, na wiki moja baadaye ikatangaza kwamba inafungwa. Fikiria umehama mji kwa ajili ya timu, kisha unaamka Jumapili huna timu wala ligi. Ligi ya Marekani iliyoanza 2015 ilikuja na kima cha chini cha dola 10,000 kwa msimu, na msimu wa pili haujaisha, mishahara ikapunguzwa.

Hali imebadilika, nisiwe mnung'unikaji. Baada ya CWHL kufungwa, wachezaji zaidi ya 200 walitangaza kwa pamoja kwamba hawatacheza ligi yoyote ya Amerika Kaskazini msimu uliofuata hadi mazingira yarekebishwe. Miaka 2 kabla ya hapo, wachezaji wa timu ya taifa ya Marekani walikuwa wamegoma kwenda kwenye michuano ya dunia. Shirikisho lilipotafuta wa kuziba nafasi zao, hata wanafunzi walikataa. Wakapata makubaliano, wakaenda, wakatwaa ubingwa. PWHL, ligi mpya ya kulipwa ya wanawake ya Amerika Kaskazini, ilipoanza Januari 1, 2024, mkataba wa pamoja na chama cha wachezaji ulikuwa umeshasainiwa: kima cha chini dola 35,000, na kila timu iwe na wachezaji wasiopungua 6 wenye dola 80,000 au zaidi, pamoja na bima ya afya. Hivyo ukifika timu yoyote, mtafute mwakilishi wa chama kabla hujamtafuta fundi wa kunoa vyuma vya viatu.

Lakini piga hesabu. Msimu wa 2025-26 ligi ina timu 8, kila moja ina kikosi cha wachezaji 23. Ni nafasi 184, na zinawaniwa na dunia nzima. Wengine wataenda Uswidi au Ufini, au watacheza chuo kikuu na kuishia hapo. Kuishia chuoni si kushindwa, mradi ulichagua chuo kwa ajili ya shahada. Mimi nilichagua kwa ajili ya kocha. Aliondoka mwaka wangu wa pili.

Jambo jingine nadra kusikia likisemwa: mchezo wa wanawake unaruhusu kugongana kuliko zamani. Ligi ya Uswidi ilifungua mlango huo mwaka 2022, na PWHL nayo inaruhusu mengi yaliyokuwa yakipigiwa filimbi enzi zetu. Kama shabiki, nafurahi. Kama mwenye goti hili, nakwambia kifungu cha majeraha ukisome mara 3. Matibabu nani analipa? Mshahara unaendelea hadi lini? Daktari anayesema umepona kaajiriwa na nani? Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza zaidi, maana nilirudishwa uwanjani mapema mno na goti likavimba upya.

Ukiumia, omba nakala ya ripoti ya daktari siku hiyo hiyo, hata kabla ya kwenda kuoga. Yangu niliipata baada ya miezi 7, na ukurasa mmoja haukuwemo.