Jengo la Central High, Little Rock

Umeuliza kama jengo la sasa la Central High, shule ya sekondari ya mji wa Little Rock, Arkansas, Marekani, ndilo lile la mwaka 1957, wanafunzi weusi walipoingia kwa mara ya kwanza katika shule hiyo ya wazungu. Ndilo. Lilifunguliwa mwaka 1927 kwa gharama ya dola milioni 1.5, fedha nyingi mno kwa shule ya umma wakati ule. Juu ya lango kuu zipo sanamu 4, mojawapo inaitwa Fursa. Kejeli tupu, maana wanafunzi weusi 9 walihitaji ulinzi wa askari wa Rais Eisenhower ili wapite hapo! Mwaka 1958 shule zote za umma za sekondari za juu mjini zikafungwa ili kukwepa kuchanganya wanafunzi weusi na weupe. Tangu 1998 ni eneo la kihistoria la taifa, na wanafunzi bado wanasoma humo.