Farasi si ng'ombe: niliyoyajua baada ya kununua shamba Rongai

Jirani yangu wa upande wa chini ni mtu mwema, na wema wake nusura umuue farasi wangu. Ilikuwa mwezi wa pili tangu nihamie Rongai. Nilikuwa nimeshuka Nakuru mjini kufuata mabati, naye siku hiyo alikuwa akiwanyunyizia ng'ombe wake dawa ya kupe. Akamwona Meja akijikuna kwenye nguzo, masikio yamejaa kupe, akamhurumia. Dawa ilikuwa imebaki kwenye pampu. Akavuka mpaka, akamwogesha kuanzia shingoni hadi mkiani, bila kudai hata asante.

Dawa ile ilikuwa ya amitrazi, ambayo wafugaji wengi wa ng'ombe huku wanayo stoo. Ng'ombe haimdhuru. Farasi humlaza utumbo: chakula kinasimama njiani, kinakauka, kinakuwa kama tofali. Kesho yake asubuhi Meja hakugusa nyasi, bandani hapakuwa na kinyesi hata kimoja, na kila mara alikuwa akigeuza shingo kuutazama ubavu wake. Daktari aliweka kipimo tumboni, akasikiliza muda mrefu, akasema neno moja: "Kimya." Tumbo la farasi mzima halinyamazi, lazima lingurume. Ilichukua siku nne za maji kupitia mpira wa puani, na kumtembeza taratibu usiku na mchana. Alipona. Bili ile mke wangu bado anaitaja tukigombana.

Wanaoniuliza habari za kufuga farasi huanza na ekari. Ekari ngapi, bei gani, wapi. Mimi huwaambia kwanza kwamba katika kaunti hii kila mtu ni mtaalamu wa ng'ombe: dalali, fundi, muuza chakula, jirani. Utapewa ushauri mwingi, wa moyo safi, na karibu wote utakuwa wa ng'ombe. Sehemu kubwa ya gharama zangu ilitokana na kuufuata.

Nilipaswa kujua mapema, maana baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, Njoro. Huko farasi ni habari ya zamani. Beryl Markham, aliyeletwa Kenya mwaka 1906 akiwa na miaka minne, alikulia Njoro kwenye shamba la babake la farasi wa mbio, na baadaye akawa mkufunzi wa farasi yeye mwenyewe. Wenye farasi ndio wanaokumbukwa. Waliokesha bandani farasi akiumwa tumbo hawakuandikwa popote, na mmoja wao alikuwa akirudi nyumbani usiku akinuka jasho la farasi, nami nikimkimbia. Mengi aliyoyasema sikuyasikiliza. Nilikuwa nasomea uhasibu.

Shamba la kwanza nililoonyeshwa lilikuwa zuri kupita kiasi, na bei yake pia ilikuwa nzuri kupita kiasi. Msajili wa ardhi aliponipa taarifa rasmi, hati ilikuwa bado kwa jina la babu aliyefariki, urithi haujafanywa, na wajukuu watatu walikuwa wanauza kila mmoja kwa wakati wake. Niliondoka. La pili, ekari tano, lilikuwa safi. Mpima ardhi alikuja na ramani, akaonyesha vigingi vyote. Kumbuka ardhi ya kilimo haihami mkono bila idhini ya bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba utiwe sahihi, la sivyo mkataba wenyewe hauna nguvu. Tulikwenda mimi na mke wangu, muuzaji na mkewe. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mashambani ni asilimia 2, mjini ni 4. Basi, kwa karatasi sina zaidi, tafuta wakili.

Jambo ambalo wakili hatakuambia ni maji. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano na maji mengi ya chini yana floraidi nyingi. Tazama meno ya kahawia ya watu waliokulia sehemu hizi. Kiwango kinachokubalika kwa binadamu ni miligramu 1.5 kwa lita, na kisima cha jirani yangu kilipopimwa kilipita hapo zaidi ya mara tatu. Farasi ambaye unatarajia aishi miaka 25 akinywa maji hayo, meno na mifupa yake vinaweza kuharibika pia. Ng'ombe wengi wa maziwa huuzwa mapema, labda ndiyo sababu hakuna mtu aliyenitajia. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, chota maji ya visima viwili au vitatu vya majirani upeleke maabara. Kuchimba chako kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na fedha nyingi, halafu unaweza kupata floraidi ile ile.

Mimi niligeukia paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa langu la banda ni mita 60, kwa hiyo usiku mmoja wa milimita 25 hunipa karibu lita 1,500, ukitoa kidogo kinachopotea. Farasi mmoja hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, zaidi jua likiwaka. Tangi la lita 10,000 huwatosha wawili miezi minne, mradi mabomba ya nyumbani yasiliguse. Letu liliguswa. Sasa tuna mawili.

Nyasi ndiyo iliyonichanganya kuliko yote. Shamba lilikuwa limefunikwa na nyasi ya kikuyu, kijani kama zulia, na kwenye kingo kuna napia. Nilifikiri nimebarikiwa. Lakini nyasi hizo zina oksalati, ambayo huishika kalisi isifyonzwe mwilini. Ng'ombe ana tumbo la kucheua lenye vijidudu vinavyoivunja. Farasi hacheui. Akila hizo peke yake miezi na miezi, mwili hutoa kalisi kwenye mifupa, uso unavimba juu ya pua, anaanza kuchechemea bila kidonda. Sikuing'oa, nilipanda nyasi ya boma rhodes kwenye ekari mbili na kuwaongezea alfalfa, ambayo wengine huiita lusani, kwa sababu ina kalisi nyingi. Usiichanganye na lusina, ule mti wa malisho: huo humnyonyoa farasi singa za shingoni na mkiani.

Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni cha kuhesabu. Farasi wa kilo 450 hula kilo 9 hivi za nyasi kavu kwa siku. Wawili kwa siku 120 ni zaidi ya kilo 2,100. Kwa marobota ya kilo 12, weka 180, na mengine ya dharura. Nunua wakati wa kuvuna, si Februari wakati kila mwenye ng'ombe anatafuta. Robota likinuka ukungu, hata kidogo, usimpe farasi. Ng'ombe huuvumilia zaidi.

Kuna miti miwili ya avokado niliikata na mama yangu hajanisamehe. Majani yake ni sumu kwa farasi. Gugu la mranaha nalo ling'olewe lote.

Ua wa shamba. Muuzaji alijivunia kayaba iliyokomaa upande wa barabara na seng'enge pande tatu. Ng'ombe akifika kwenye seng'enge husimama. Farasi akishtuka, na hushtushwa na mfuko wa plastiki, hukimbia kwanza halafu ndipo anafikiri. Nyama ya kifua inaweza kuchanika hadi mfupani. Niliing'oa seng'enge yote nikaweka nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, ubao mmoja juu kwa urefu wa futi nne na nusu, na waya laini wa umeme chini yake. Ndicho kitu ghali kuliko vyote nilivyofanya baada ya kununua ardhi yenyewe. Kama huna fedha za ua, ahirisha farasi. Kayaba niliiacha, lakini ikipogolewa lazima kila tawi liokotwe, miiba yake huingia kwato.

Fundi wa banda alikuja na vipimo vya ng'ombe wa kufugiwa ndani: vijichumba vyembamba, paa la futi saba. Tulibishana asubuhi nzima. Farasi anahitaji chumba cha futi 12 kwa 12 ili alale na kuinuka bila kukwama ukutani, paa futi kumi au zaidi kwa sababu hurusha kichwa, mlango wa futi nne unaofunguka kwa nje. Sakafu tuliiacha ya murram iliyoshindiliwa, juu maranda mengi. Kinyesi huondolewa kila siku, kilo 20 hivi kwa kila farasi, na wakulima wa sukuma huja na toroli kukichukua.

Banda si anasa. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Hauna tiba, macho yanavimba kwa juu, povu linatoka puani, na wengi hawafiki wiki. Kuna chanjo, nayo hutolewa kila mwaka kabla ya mvua. Wangu huingia ndani jua likiwa bado linaonekana, na madirisha yana wavu mwembamba kuliko wa mbu, maana kisubi hupenya ule wa kawaida. Pundamilia hubeba ugonjwa huu bila kuugua, nasi tunaishi karibu na mbuga. Ningekuwa nanunua leo, ningepanda juu, Njoro au Molo, ambako baridi huwapunguza visubi. Rongai nilifuata bei.

Kuhusu kupe, sasa natumia dawa za jamii ya pareto, zao lililoifanya Molo ijulikane, na vidole. Chakula cha madukani nimekiacha kabisa isipokuwa shayiri nzima ninayoiona kwa macho yangu. Chakula cha kuku na hata cha baadhi ya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini. Kiasi ambacho ng'ombe hakihisi huharibu moyo wa farasi, na mashine iliyotoka kusaga cha kuku asubuhi inaweza kusaga chako mchana bila kusafishwa.

Kabla ya hayo yote tafuta watu wawili: daktari wa mifugo aliyewahi kumtibu farasi, na ujue atatumia saa ngapi kukufikia usiku wa mvua ya Agosti kwenye barabara yako ya udongo, na saisi. Mimi nilianza na farasi. Kijana niliyemwajiri alikuwa hodari wa kukamua, na mwezi wa kwanza alimfunga Tausi, farasi wangu wa pili, kwa kamba ya pembe, ingawa Tausi hana pembe. Nikampeleka Gilgil wiki tatu, ambako kuna farasi wa polo na masaisi wa miaka mingi, akae nao tu na kushika ufagio. Aliporudi hakunisalimia kwanza. Alichukua nyundo, akazunguka banda lote aking'oa misumari iliyochomoza. Alinipa 41 kwenye kopo.