Kiwanda cha kurejeleza plastiki nyuma ya nyumba, Moshi: anzeni na karatasi

Pole sana, ndugu, kwa kiwanda cha kurejeleza plastiki mnachosema kinataka kujengwa nyuma ya nyumba yenu, karibu na mfereji mnaomwagilia. Kama mwenyekiti wa mtaa anasema "kila kitu kimeshapita", msikubali mpaka muone maandishi.

Mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani na afisa mazingira. Ombeni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kibali cha matumizi ya ardhi, na muhtasari wa mkutano wa mtaa pamoja na orodha ya mahudhurio. Hiyo orodha isomeni jina kwa jina. Mara nyingi majirani wa karibu kabisa hawamo. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Pingamizi la "hatutaki takataka" halina nguvu. Ulizeni maji ya kuoshea plastiki yataelekea wapi, maana hubeba mafuta na vipande vidogo hadi kwenye mfereji huo. Je, watayeyusha plastiki au wataibana na kuifunga marobota tu? Kuyeyusha huleta moshi na harufu; marobota yakirundikana hushika moto upesi. Kama ni kufunga tu, binafsi ningekubali kwa masharti: paa, sakafu ya zege, saa za kazi, marufuku kuchoma.

Kama kuna mto, pimeni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Ujenzi ukianza bila cheti, pelekeni picha zenye tarehe NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), Kanda ya Kaskazini. Cheti kikiwa kimetoka, muoneni wakili mara moja, kwani rufaa ina ukomo wa muda. Na msivunje uzio: mtageuka washtakiwa.