Kabla hujampa mtu tangazo la mbwa anayetafuta nyumba

Jumamosi moja asubuhi baba mmoja alinipigia simu. "Dada, samahani kukusumbua. Yule ndugu wa mbwa hashiki simu, ndiyo nikaona na nambari hii yako huku chini. Tuko hapa stejini na mtoto, tuelekeze."

Niliwafuata. Walikuwa wametoka Machakos na gari la kwanza kuja Nairobi, yeye na binti wa kama miaka minane. Mtoto alikuwa amekumbatia bakuli la plastiki la bluu, na ubavuni ameliandika kwa kalamu: CHAUSIKU. Baba akafungua simu akanionyesha. Picha ilikuwa yangu, mbwa mweusi amelala juu ya gunia mlangoni kwangu. Maneno pia yalikuwa yangu, hata kosa la tahajia nililolifanya lilikuwa palepale. Kigeni kilikuwa nambari moja tu juu ya yangu, ya kutuma pesa "za kumshikia". Alikuwa ameshatuma shilingi elfu tatu.

Chausiku alikuwa na wiki tano kwenye nyumba yake mpya.

Tangazo lile sikuibiwa. Nililitoa mwenyewe. Tovuti moja iliniandikia ikisema inawakusanya mahali pamoja wanyama wote wanaotafuta makao, na mimi, nikiwa na mbwa kumi na wanne wa kutafutiwa watu, nikatuma kila kitu usiku uleule: majina, picha, nambari za simu, mitaa wanakolelewa kwa muda. Sikumuuliza mtu. Wengine wakanakili kutoka pale, kisha wengine kutoka kwa hao. Mama mmoja wa Kasarani, aliyekuwa akinilelea mbwa wawili, akaanza kugongewa geti na watu asiowajua, mmoja saa tatu usiku. Nilipoenda kumwomba radhi alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko matusi: "Mwanangu, si ungeniambia tu?"

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokuomba ni hicho: waambie watu. Mbwa hana nambari ya simu wala geti, lakini anayemlea anavyo, na aliyemleta kwako huenda alikupa habari zake kwa kukuamini wewe peke yako. Hapa Kenya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Lakini utazifuta wapi, ikiwa hujui zimefika kurasa ngapi?

Hapo ndipo penye uzito wote. Ninapoombwa tangazo siku hizi, swali langu la kwanza ni hili: mbwa akishachukuliwa, nani analiondoa, na kwa muda gani? Kule Marekani, Petfinder, tovuti ya matangazo ya wanyama wanaotafuta makao, imefanya kazi hii tangu 1996, na makao ya wanyama yenyewe ndiyo yenye akaunti, yanaweka na kuondoa. Anayeniambia "tuachie sisi tutashughulikia" simpi. Ninamwuliza pia anapata nini. Petfinder ni mali ya Nestlé Purina, kampuni ya chakula cha wanyama, tangu 2013, na sioni ubaya wowote, kwa sababu jambo hilo linajulikana. Ninayemwogopa ni yule asiyetaka kusema.

Halafu kuna vitu visivyopaswa kutoka kabisa. Nambari ya chipu ya utambulisho anayowekewa mbwa chini ya ngozi, ile ya tarakimu kumi na tano, usiiandike. Mtu anaweza kuja nayo akidai mbwa ni wake. Kadi ya chanjo usiipige picha ikaonekana sahihi na mhuri wa daktari, maana itatumika kumuuzia mtu mbwa ambaye hajachanjwa, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Ondoa taarifa za mahali ilipopigwa, ambazo simu huweza kuzihifadhi ndani ya picha, kabla ya kuituma. Na kama ni mbwa aliyeokotwa, bakiza alama moja bila kuitaja, kovu la sikio au rangi ya mkanda, ili mwenyewe akija aitaje yeye.

Kwa jike ninaandika wazi kwamba atatoka akishafungwa uzazi. Sentensi hiyo moja imepunguza sana simu za wanaotaka kuzalisha watoto wa kuuza. Bahati mbaya ndiyo sentensi ya kwanza kukatwa tangazo linaponakiliwa, ndiyo maana sasa ninaiandika juu ya picha yenyewe pamoja na maneno HATUOMBI PESA KWA SIMU.

Sijaacha kusambaza, na wewe usiache. Mbwa koko mweusi hapa Nairobi husubiri sana. Watu wanauliza German Shepherd. Aliyemchukua Chausiku alitoka Nakuru, na asingemjua kama tangazo lingebaki kwenye kundi letu la WhatsApp. Ninachotoa sasa ni picha moja, jina, umri na kiungo cha ukurasa wangu. Habari nyingine zote zinakaa kwangu, na mbwa akiondoka ninabadilisha ukurasa huo mmoja jioni ileile.

Yule baba pesa zake hazikurudi. Tulienda polisi tukaandikisha. Binti hakulia, aliuliza tu kama Chausiku ana bakuli huko aliko. Nikamwambia analo, maana nilikuwa nimeliona.

Tovuti ile niliiandikia mara nne ndipo ikafuta. Nakala nyingine bado zinazunguka, na mwezi uliopita nilipigiwa tena kuhusu Chausiku. Ninawajibu wote kwamba ameshapata nyumba, ninawauliza wamemwona ukurasa gani, kisha ninauandikia huo nao.